Kweli au Uongo: Mabasi Yakipewa Watu Binafsi, Hasara Inakwisha?

Kila msimu wa bajeti unapokaribia, hoja hii hurudi mezani. Shirika fulani la umma limekula ruzuku mwaka mzima, nusu ya magari yake yako juu ya mawe, kwa hiyo lipewe mwekezaji. Wa upande wa pili wanajibu kwamba mwekezaji hana uchungu na mwananchi, kwa hiyo lirudi serikalini. Zote mbili ni kauli za kurithi. Nimeziokota zile zinazorudiwa zaidi vijiweni na bungeni, nikazipima kwa mambo yaliyokwisha kutokea: Dar es Salaam na Nairobi, Uingereza, Chile na Singapore. Mfano wangu mkubwa ni mabasi ya mjini, kwa sababu huko hakuna asiyewahi kukanyagwa.

“Huduma ikikabidhiwa kwa mtu binafsi, hasara inakwisha.”

Uongo, na huu ndio mama wa mengine yote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Chukua basi la Gongo la Mboto kwenda mjini. Saa kumi na mbili asubuhi linaondoka limejaa hadi mlangoni. Linarudi likiwa na watu wa kuhesabika. Mchana linazunguka na viti vitupu, jioni linajaa tena, safari hii kwa upande wa pili. Gari limenunuliwa kwa ajili ya saa chache za msongamano, lakini dereva, bima, marejesho ya mkopo na matairi yanalipiwa siku nzima. Juu ya hapo, nauli haipangwi na mwenye gari. Inapangwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kama zamani ilivyopangwa na SUMATRA iliyoitangulia. Ndiyo maana kila ruti ina safari zinazolipa na safari zisizolipa, na hizo zisizolipa ndizo anazozitegemea muuguzi anayetoka zamu usiku na mama anayewahi samaki Feri alfajiri. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita hasara ya basi la umma ni gharama ya safari hizo. Sehemu nyingine ni uzembe na wizi, hilo sibishi.

Mwekezaji akilichukua basi hilo ana njia nne: apandishe nauli, apunguze mishahara, afute safari tupu, au aendeshe kwa akili kuliko aliyemtangulia. Ya nne peke yake ndiyo inayopunguza hasara. Tatu za kwanza zinaihamisha tu.

Dar es Salaam ilikwisha kufanya jaribio hili, tena kwa mji mzima. UDA, shirika la umma la mabasi ya jiji, ilizaliwa mwaka 1974 kutokana na DMT, kampuni ya mabasi iliyokuwa imetaifishwa. Miaka michache baadaye ikaja vita ya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika, vipuri vikakosekana, na nauli ikabanwa chini kwa amri. Watu wakawa wanalala vituoni kwa kungoja. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, ambayo mengine yalikuwa yakibeba abiria kwa kujificha tangu zamani. Wakubwa wanazikumbuka chai maharage, abiria wakitazamana kwenye mabenchi. Hakuna aliyeandikiana na wenye magari mkataba wa huduma: gari la kwanza lipite saa ngapi, la mwisho saa ngapi, nani alipie safari tupu. Ulikuwa na leseni ya njia, umemaliza.

Hasara ikatoka kwenye vitabu vya serikali. Ukitaka kujua ilikohamia, ifuate jioni gari linapolazwa. Tajiri anangoja hesabu yake, kiasi kilekile kilichopangwa tangu asubuhi, mvua inyeshe jua liwake. Suka, yaani dereva, na konda wanatoa ya mafuta, wanatoa hesabu, wanatoa ya wapiga debe na ya njiani, kinachobaki ndicho mshahara wao. Siku mbaya hakibaki kitu. Akiugua suka, anakaa deiwaka, dereva wa kushikia kwa siku, naye hana karatasi yoyote. Matteo Rizzo, mtafiti aliyeifuatilia biashara hii kwa miaka mingi na kuiandikia kitabu mwaka 2017, alionyesha kwamba wengi wa wafanyakazi hawa hawana mkataba wa kazi, na kwamba kukimbizana, kujaza na kukaa barabarani kutwa nzima kunatokana na hesabu hiyo. Kuwaita wahuni ni rahisi. Konda anayekatisha ruti na kuwashusha watu katikati ya safari amepiga mahesabu: mbele kuna viti vitupu, na ya tajiri haijatimia.

Sehemu nyingine ya hasara amebebeshwa mtoto wa shule. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200. Ni jambo jema, na serikali ndiyo iliyoiweka, lakini tofauti kati ya hiyo na nauli ya mtu mzima hailipwi na serikali. Inatoka kwenye kile kinachobaki kwa suka na konda. Simama kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone: mkono wa konda umeziba mlango, “wanafunzi wawili tu, wawili!”, na watoto wenye mabegi makubwa kuliko migongo yao wanarudi nyuma kungoja gari jingine, ambalo nalo litachukua wawili. Huyo konda tunamtukana kila siku. Kumbe ruzuku ya elimu inatoka mfukoni mwake, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka kuitoa.

Mtu mzima naye hasalimiki. Jioni watu wanapanda gari linaloingia mjini ili wageuze nalo, wanalipa nauli mara mbili wapate kiti cha kurudia nyumbani. Nauli iliyotangazwa ni moja, wanayolipa wao ni nyingine.

Anayedhani haya ni ya kwetu peke yetu aende Santiago, Chile. Huko nako mabasi ya watu binafsi yaligombania abiria barabarani, na dereva alilipwa kwa tiketi alizokata. Tarehe 10 Februari 2007 serikali ikabadilisha mfumo mzima kwa siku moja: kampuni chache zenye mikataba, ruti mpya, kadi badala ya fedha taslimu. Mpango ulioitwa Transantiago uliahidiwa kujiendesha bila ruzuku. Mabasi hayakutosha, watu wakafurika kwenye treni za chini ya ardhi, na Rais Michelle Bachelet akaomba radhi hadharani. Mwaka 2009 Chile ikapitisha sheria ya ruzuku ya kudumu kwa usafiri wa umma. Kampuni binafsi zilibaki. Ahadi ya kujiendesha ndiyo iliyokufa.

“Ushindani utashusha nauli na kuleta mabasi mengi.”

Hapa inategemea ushindani unafanyika wapi, barabarani au kwenye zabuni. Uingereza imetufanyia hisani ya kujaribu yote mawili kwa wakati mmoja, ndani ya nchi moja.

Sheria ya Usafiri ya mwaka 1985 iliachia huru biashara ya mabasi ya mitaani nchini kote isipokuwa London na Ireland ya Kaskazini. Kuanzia tarehe 26 Oktoba 1986, mwenye leseni aliweza kusajili ruti aliyoitaka, ratiba aliyoitaka na nauli aliyoitaka. London wao walibaki na mamlaka moja inayopanga ruti na nauli, na kampuni zikashindania zabuni ya kuendesha kila ruti kwa miaka kadhaa. Kampuni hailipwi kwa abiria iliowapakia. Inalipwa kwa kuleta basi kwa wakati, na isipolileta inakatwa.

Kilichotokea nje ya London kingeweza kutabiriwa na konda yeyote wa Mbagala. Kampuni zilijazana kwenye barabara zenye abiria. Manchester, kwenye barabara ya Wilmslow iendayo vyuoni, mabasi ya kampuni tofauti yalifuatana vioo kwa vioo, na tiketi ya kampuni moja haikukubaliwa na nyingine. Mitaa ya pembeni, jioni na Jumapili zikaachwa. Sheria iliziruhusu halmashauri kununua safari hizo zilizoachwa, kwa kutangaza zabuni. Basi kampuni inafuta safari ya saa nne usiku kwa kuwa hailipi, halmashauri inatangaza zabuni ya safari hiyohiyo, na mara nyingine kampuni ileile inaichukua kwa pesa za umma. Faida ya mchana inabaki kwao, hasara ya usiku inabaki kwa mlipa kodi. Sijui mfanyabiashara gani angekataa mpango huo.

Katika miongo mitatu iliyofuata, abiria wa mabasi kwenye miji mikubwa ya England nje ya London walipungua kwa zaidi ya nusu, ilhali London waliongezeka karibu maradufu kabla ya kuanza kushuka kidogo. Tuwe waadilifu: London ilipata pia fedha nyingi zaidi, watu wake waliongezeka, na tangu 2003 wenye magari madogo hutozwa kuingia katikati ya mji. Zabuni peke yake haikuleta yote hayo. Lakini bila mamlaka inayopanga ruti, fedha hizo zingemwagwa kwenye barabara ileile ya vyuoni.

Manchester wenyewe walichoka. Sheria ya mwaka 2017 iliwapa mameya uwezo wa kurudisha mfumo wa mikataba. Kampuni mbili zikaenda mahakamani kupinga, zikashindwa mwaka 2022. Tarehe 24 Septemba 2023 mabasi ya kwanza ya rangi ya njano yakaanza Bolton na Wigan, na tarehe 5 Januari 2025 eneo zima la Greater Manchester likawa chini ya mamlaka ya meya Andy Burnham. Wanaoendesha ni kampuni binafsi, kama mwanzo. Kilichobadilika ni nani anapanga ruti na nani anapokea nauli.

Nairobi ina uhusiano wa moja kwa moja na hadithi hii. Kenya Bus Services (KBS) ilikuwapo tangu 1934, na baada ya uhuru Halmashauri ya Jiji ikachukua robo ya hisa, nayo kampuni ikapewa haki ya kuendesha peke yake. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta akaziruhusu matatu bila leseni iliyotakiwa kwa mabasi. Tangu hapo kampuni iliyobanwa na ratiba ikashindana na gari lisilo na ratiba, na gari lisilo na ratiba likachagua saa za kujaza. Mwaka 1991 kampuni ya Stagecoach, iliyonona kwenye soko huria la Uingereza, ilinunua KBS. Mwaka 1998 ikauza na kuondoka. Hata mabingwa wa ushindani wa barabarani hawakuweza kushindana na matatu barabarani.

“Serikali haijui biashara, kwa hiyo iachie wanaojua.”

Nusu kweli. Orodha ya vilio ni ndefu: UDA, na kule Kenya Nyayo Bus, iliyoanza kwa mbwembwe mwaka 1986 na kufa katikati ya miaka ya 1990. Lakini mabasi ya Edinburgh ni ya halmashauri nne za Uskoti, na kabla ya korona yalikuwa yakizipa gawio. Nottingham na Reading nazo zina kampuni za umma zinazotuzwa mara kwa mara miongoni mwa bora Uingereza. Cha kuchekesha, sheria ileile ya 2017 iliyowapa mameya nguvu ilizikataza halmashauri za England kuanzisha kampuni nyingine kama hizo.

Kinachonisumbua zaidi kwenye kauli hii ni mantiki yake. Kusimamia mkataba si kazi nyepesi kuliko kuendesha mabasi. Anayesimamia lazima ajue kila gari liko wapi, lilichelewa dakika ngapi, gharama halisi ya kilomita moja ni shilingi ngapi, na lini kampuni inadanganya. London wana ofisi nzima ya watu wa kazi hiyo. Ofisi iliyoshindwa kumkamata mtunza stoo wake aliyekuwa akiuza vipuri vya shirika itamkamataje mkandarasi mwenye mawakili?

“Akishindwa kazi, tunamfukuza tu.”

Uongo wa gharama kubwa. Waulize waliokuwapo Dar es Salaam enzi za City Water. Mwezi Agosti 2003 kampuni hiyo, yenye wabia wa Uingereza, Ujerumani na Tanzania, ilikabidhiwa kusambaza maji ya jiji kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 serikali ikauvunja. Kesi zikaenda mabaraza ya usuluhishi nje ya nchi. Moja iliamuliwa kwa upande wa mamlaka ya maji ya Dar. Uamuzi wa nyingine, mwaka 2008, ulisema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji lakini haidaiwi fidia hata senti. Tulitoka salama, baada ya miaka mitatu ya mawakili. Wakati huo wote mabomba yalihitaji mtu wa kuyaendesha, na aliyefanya hivyo ni shirika jipya la umma, DAWASCO.

Reli ni vilevile. Kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya TRL, kampuni ya reli ya Tanzania, mwaka 2007, ikafuatiwa na migomo ya wafanyakazi, na 2011 serikali ikairudisha mikononi mwake. Kenya na Uganda waliikabidhi reli yao kwa Rift Valley Railways mwaka 2006 kwa mkataba wa miaka 25, ukavunjika 2017. Maji hayakatwi mwaka mzima kwa sababu mwekezaji kaondoka, treni haziachwi porini. Mwenye mali ni mmoja, serikali, na mwekezaji analijua hilo siku anapotia saini. Anayeahidi kubeba hasara yote peke yake anajua fika kwamba ikimzidi ataiacha mlangoni pako.

“Kampuni binafsi ni nafuu kwa sababu ina ufanisi.”

Mara nyingi ni nafuu kweli. Uliza tu unafuu umetoka kwenye karakana au kwenye mshahara wa dereva. Vyote vinaonekana sawa kwenye karatasi ya zabuni.

“Ruzuku ni kutupa fedha.”

Barabara ya lami mbele ya nyumba yako imewahi kutoa faida? Hakuna waziri anayesimama bungeni kuitaka lami ijiendeshe. Basi likipita juu yake likiwa limebeba watu 60, ndipo tunakumbuka neno hasara. Ruzuku inatupwa pale inapotolewa bila kipimo, yaani shirika linapewa fungu mwanzoni mwa mwaka na hakuna anayehesabu safari zilizofanyika.

“Mwendokasi imeonyesha kwamba mfumo wa kukabidhi haufai.”

Kesi hiyo haijasikilizwa bado. Huduma ya awamu ya kwanza ya mabasi haya yaendayo haraka ya Dar es Salaam, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, ilianza Mei 2016 kwa mkataba wa mpito. Mpango ulidai mabasi 305, yakaanza 140. Nauli ilikuwa shilingi 650 kwa njia kuu na mwanafunzi 200 kama kawaida, na mapato hayohayo ya nauli yalitarajiwa kubeba uendeshaji. Karakana iliwekwa Jangwani, bondeni mwa Mto Msimbazi, mahali ambapo mtoto wa Magomeni angekuonya kwamba masika maji yanaingia. Yaliingia, tena si mara moja, na mabasi yakaharibika. Nani alipe basi lililozama kwenye karakana ambayo kampuni haikuichagua? Hilo lilikuwa swali la kujibiwa kabla ya mkataba.

Na bado, hata kwa upungufu huo, dereva wa mwendokasi anapewa mshahara na mwanafunzi anapita getini kwa haki kama abiria mwingine. Anaweza kukaa kituoni muda mrefu akingoja, na watu wa Kimara wana kila sababu ya kukasirika. Lakini hakuna anayemziba mlango kwa sababu ya sare yake.

Linganisha na Singapore. Kuanzia 2016 serikali ya huko inamiliki mabasi na karakana, na inapokea nauli yote. Kampuni zinashindania zabuni ya eneo, zinaleta madereva na mafundi, zinalipwa kuendesha kwa ratiba. Abiria wakipungua, tatizo ni la serikali, maana ndiyo iliyopanga ruti. Basi likichelewa, tatizo ni la kampuni. Kampuni ikishindwa, inaondoka na mameneja wake, mabasi yanabaki karakanani yakisubiri mwingine.

“Kwa hiyo huduma zinazokula hasara zisikabidhiwe.”

Uongo pia. Mimi nazikabidhi, kwa sharti la Singapore: kampuni ilipwe kwa kilomita iliyoendeshwa kwa wakati, nauli iingie kwenye mfuko wa umma, na pengo la safari ya usiku na la mtoto wa shule liandikwe kwenye bajeti ambako mbunge anaweza kuliona na kulibishania. Bila sharti hilo, afadhali UDA mbovu iliyokaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuliko hasara iliyofichwa mfukoni mwa konda ambako hakuna mkaguzi atakayeingia.

LATRA huita wadau kutoa maoni kabla ya kubadilisha nauli, na mikutano hiyo iko wazi kwa abiria. Kwa kawaida wanaojaa ni wenye magari. Safari ijayo nenda na wewe, na ukipewa kipaza sauti usiishie kulalamikia shilingi hamsini iliyoongezwa. Uliza ni nani anayelipia kiti cha mwanafunzi, na utake jibu liandikwe.